Sura ya Sita: Nondo wa Mwezi Mpevu

Inspekta Sheikhan Fuad alikuwa amekwisha kukamata wezi wa ng'ombe huko Ndara, majambazi waliojificha ndani ya behewa pale Maungu, na hata karani mmoja aliyejifanya maiti ili asifike mahakamani. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshinda katika kazi yake yote, nacho kilikuwa kumrudishia mama yake sufuria.

"Sufuria yangu mwaniregeshea lini?" Bi Mwanamvita alimuuliza asubuhi ile ya Jumatano, akimsogezea mahamri na mbaazi. "Tangu mwezi wa nne hadi huu wa kumi na moja. Napikia wali sufuria ya kuazima kwa Nasima, na Nasima mwenyewe ameanza kuitupia jicho."

"Ni kielelezo, Mama. Haitoki stoo bila saini."

"Basi itie saini. Si ndiwe mkubwa wao?"

Sheikhan alitafuna polepole ili asijibu. Kisa chenyewe alikisikia juu juu tu. Mwezi wa nne yeye alikuwa Nairobi kwa mafunzo, na huku nyuma wanawake wa mtaa wao mjini Voi wakatoka na masufuria usiku wa manane na kuyapiga hadi majirani wakaita polisi. Konstebo Mumbe, mgeni kutoka Kitui, akiwa na siku tano tu kituoni, alifika na tochi akabeba sufuria iliyokuwa ikilia kuliko zote pamoja na kifuniko chake. Sheikhan alidhani ilikuwa arusi iliyopitiliza, na hakuuliza zaidi, kwa kuwa mtu hapelelezi kesi ya mamake mwenyewe.

Siku ile alikuwa na kesi nyingine, na nayo ilimuuma zaidi. Mwalimu Tryphena, aliyestaafu kufundisha baiolojia, alikuwa ameshtakiwa kwa udanganyifu.

Kwa miaka miwili Mwalimu alikuwa akihesabu nondo, wale wadudu kama vipepeo warukao usiku, wa Msitu wa Kirumbi, ule msitu mdogo uliobakia juu ya vilima kama kofia iliyopungua ukingo. Alikuwa amefikisha aina mia nne na kumi na mbili. Mmojawapo, wataalamu waliwahi kumwandikia, hakuwa ameonekana mahali pengine popote. Ijumaa asubuhi kamati ingeketi kuamua kama Kirumbi ukatwe upandwe misonobari ya mbao au uachwe, na nondo yule mmoja ndiye aliyekuwa ameusimamisha uamuzi. Sasa Bwana Donald, mwenye mashine ya kupasulia mbao, alikuwa ameandika barua kwamba nondo huyo ni wa kughushi. Barua ikithibitika, msitu umekwenda, na Mwalimu atakwenda kortini akiwa na miaka sitini na mitatu.

Landrova ilipanda kutoka Mwatate kwa gia ya pili. Mumbe aliendesha, Sheikhan akasoma faili.

"Mwalimu huyu unamjua, Afande?" Mumbe aliuliza.

"Alinifundisha."

"Basi ungempa mtu mwingine hii kesi."

"Nilijaribu. Kila mtu kituoni aliyesoma huku juu alifundishwa na yeye."

Mwalimu Tryphena aliwapokea mlangoni, mdogo wa mwili, miwani imefungwa uzi, sweta imefungwa vifungo hadi shingoni. Alimtazama Sheikhan kutoka viatu hadi kofia.

"Sheikhan Fuad. Umenenepa. Kaa. Na wewe binti, kaa. Mumekuja kunishika kabla ya chai ama baada?"

"Baada, Mwalimu," Sheikhan alisema, na akajikuta ameketi wima kama mtoto wa kidato cha pili. Ukweli ni kwamba alimpenda mama huyu. Babake alipofariki na duka likafungwa, Mwalimu ndiye aliyemwachia ufunguo wa maabara kila jioni ili apate mahali pa kusomea penye taa, na hakuwahi kumkumbusha hata mara moja.

Sanduku liliwekwa mezani. Lilikuwa la mbao, lenye kioo juu, na ndani nondo walipangwa safu kwa safu, kila mmoja na pini yake, na chini ya kila pini kijikaratasi kidogo kuliko stempu. Nondo wa ugomvi alikuwa peke yake kwenye kona. Mabawa ya juu yalikuwa ya kijivu, ya chini rangi ya kutu, na katika kila bawa palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa punje ya mchele.

"Nieleze unavyofanya kazi," Sheikhan alisema.

"Natundika shuka jeupe, nawasha karabai mbele yake. Nondo wanakuja, wanatua, nahesabu. Ninayehitaji namtia chupani. Halafu naandika lebo: mahali, urefu kutoka baharini, tarehe, saa."

"Kila usiku?"

"Hapana. Wiki ya mwezi mpevu tunapumzika. Mwezi ukiwaka, nondo hawajali taa ya mtu. Wanakuja watatu, wanne, basi."

Sheikhan aliinama juu ya kioo na kusoma kwa sauti. "Kirumbi. Mita elfu moja mia saba. Tarehe nne Aprili, elfu moja mia tisa tisini na sita. Saa tisa na robo usiku." Akainua kichwa. "Barua ya Donald inasema tarehe hiyo mwezi ulikuwa mpevu."

"Ni kweli. Nimetazama kalenda."

"Mwalimu, basi huyu alikujaje?"

"Sijui. Sikuwa hapo. Nilikuwa Marungu kwa dadangu, homa imenishika, sijui usiku wala mchana. Hiyo lebo aliandika Thadeus, mlinzi wa msitu. Niliporudi nilikuta chupa mezani."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema, Mwalimu, huyo nondo amekuja, wewe mpange tu. Zaidi ya hapo, kimya."

Mumbe aliweka kalamu chini. "Mwalimu, na samahani. Kwa nini hukuibadilisha hiyo tarehe? Ungeandika wiki moja mbele, hakuna mtu angejua."

Mwalimu Tryphena hakukasirika. Alimjibu taratibu, kama alivyokuwa akiwajibu waliouliza swali zuri kwa njia mbaya. "Lebo ni neno la mtu aliyekuwa pale. Mimi sikuwa pale."

Sheikhan aliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Nje, kabla ya kupanda gari, alimwambia Mumbe, "Mtu anayeghushi huchagua tarehe nzuri. Huyu amebaki na tarehe mbaya kuliko zote na hataki kuigusa."

"Yeye ni mkweli, Afande, nimekubali. Lakini mlinzi je?"

Mlinzi walimkuta kwenye kizuizi cha msitu, mzee mrefu mwenye koti la kijani lililofifia. Thadeus alikuwa mzee wa kanisa, na kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimenyooka, hata kamba za viatu. Tochi yake ilining'inia mkandani, na mfuko wa koti ulikuwa umetuna kwa chupa ya Mwalimu ya kutilia nondo.

"Usiku wa tarehe nne Aprili ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa zamu. Mwezi ukiwa mkubwa ndio wakataji wa miti wanaingia, kwa sababu hawahitaji taa."

"Karabai uliwasha?"

"Karabai ilikuwa kwa Mwalimu, nyumba imefungwa."

"Shuka je?"

"Sikuwa na shuka."

"Basi nondo alikujia wewe bila taa, bila shuka, katika mwezi mpevu."

Thadeus aliangalia kamba za viatu vyake. "Alikuja, Inspekta. Naweza kuapa. Lakini niulize jambo lingine lolote, hilo niache."

Zaidi ya hapo hawakupata kitu. Njiani Mumbe alikuwa na hakika. "Amelipwa, Afande. Huyo Donald amemwambia mzee aandike lebo ya uongo, akijua ataifichua mwenyewe baadaye. Ndiyo sababu anaona haya."

Sheikhan aliona maelezo hayo yamekaa sawa, na kwa sababu hiyo hiyo hayakumpendeza. Wakashuka hadi kwa Donald.

Mashine ilikuwa ikinguruma chini ya paa la mabati, na vumbi la mbao lilikuwa limempa Donald mvi za bure. Alizima injini mwenyewe, akawaletea viti mwenyewe.

"Msinione mtu mbaya," alisema. "Mwalimu alinifundisha mimi pia. Aliwahi kunichapa kwa sababu ya panzi. Nampenda. Lakini watu arobaini wanakula kwa mashine hii, na mbao zimekwisha. Miaka miwili, Inspekta, na nondo mmoja. Mmoja. Kama kweli anaishi Kirumbi, wenzake wako wapi?"

Swali lilikuwa la haki, na Sheikhan aliliandika. "Wewe ulijuaje kwamba mwezi ulikuwa mpevu?"

"Niliuona. Ilikuwa wiki ya Pasaka, nilikuwa nje na lori langu usiku kucha. Mwezi uliwaka tangu jua lizame mpaka lichomoze. Ungesoma gazeti."

"Hata saa tisa?"

"Saa tisa ndiyo uliwaka zaidi."

"Utatia saini hapo?"

Donald alitia saini kwa mkono mkubwa, na Mumbe akashuhudia.

Asubuhi ya Alhamisi Sheikhan aliingia kituoni Voi akiwa hajalala vizuri. Alikuwa na siku moja, mlinzi aliyefunga mdomo, na shahidi aliyeapa kuhusu mwezi. Hakuwa na la kufanya mara moja, kwa hiyo akaamua walau amalize kero ya nyumbani. Alichukua ufunguo wa stoo, akasogeza gunia la bangi na baiskeli isiyo na gurudumu, akaivuta sufuria ya mamake kutoka nyuma. Ilikuwa imebonyea upande mmoja. Kwenye mkono wake kulikuwa na kijikaratasi kilichofungwa kwa uzi, na mwandiko ulikuwa nadhifu, wa askari mpya anayeogopa kukosea.

Sufuria moja ya aluminiamu, na kifuniko. Imechukuliwa Voi. 4/4/96, saa tisa kasoro dakika kumi usiku.

Sheikhan aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kwenye rafu na kuteremsha kitabu cha matukio cha mwezi wa nne, kile ambacho askari wote hukiita OB, akafungua ukurasa wa tarehe hiyo. Aliposimama tena alipaaza sauti.

"Mumbe. Njoo hapa na hii OB yako."

Mumbe alifika, akaona ukurasa, na masikio yake yakapata moto. "Afande, nilikuwa mgeni."

"Soma."

"Nilikuta wanawake kumi na wanane wakipiga masufuria barabarani. Nilipowauliza sababu," Mumbe alishusha sauti, "watuhumiwa walidai kwamba wanausaidia mwezi."

"Wanausaidia nini?"

"Walisema unaliwa. Nilidhani wananichezea, Afande. Huyo mama mwenye hii sufuria aliniambia, tazama juu mwanangu. Nikamwambia mimi sitazami juu, natazama sufuria."

"Na hukutazama?"

"Nilikuwa na tochi. Niliona tu kuna giza."

Sheikhan aliketi juu ya gunia la bangi na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mwezi ulikuwa umepatwa. Saa tisa kasoro dakika kumi, usiku uleule, mwezi mpevu wa Donald uliokuwa ukisomewa gazeti ulikuwa umezimika juu ya nchi nzima, na wanawake wa Voi walikuwa wakifanya walichofundishwa na nyanya zao. Alimpigia simu imamu wa msikiti wao, naye akathibitisha bila kufikiri: waliswali swala ya kupatwa kwa mwezi usiku ule, na giza lilikaa hadi karibu saa kumi.

"Kwa hiyo lebo ni ya kweli," Mumbe alisema.

"Lebo ni ya kweli. Donald alikuwa amelala kwake, akasoma kalenda. Lakini bado kuna maswali mawili. Nondo alikuja kwa nini, kama hapakuwa na taa? Na Thadeus anaona haya ya nini? Lete gari. Na hii sufuria iweke nyuma."

Saa sita mchana walikuwa wamesimama tena mbele ya kizuizi. Sheikhan hakutoa daftari.

"Mzee Thadeus, usiku ule mwezi ulipatwa."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alionekana kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Ulikuwa mwekundu," alisema. "Nilikuwa peke yangu humo ndani. Wakataji waliuona wakakimbia, wakaacha misumeno na kibuyu cha mbangara. Mimi ni mzee wa kanisa, Inspekta. Ilikuwa Kwaresima, tena wiki yenyewe ya Pasaka. Nilianza sala, nikasahau maneno. Maneno yaliyonijia yalikuwa ya babu yangu."

"Ulifanya nini?"

"Nilitasa."

Mumbe alimtazama Sheikhan, naye Sheikhan akamweleza kwa sauti ya chini. Wazee wa huku walipotaka kuondoa hasira na kuleta amani walijaza kinywa mbangara, yaani pombe ya miwa, wakaipuliza kama manyunyu, na kunena maneno mema. Ndiko kutasa. Kanisa lilikuwa limelikemea jambo hilo kwa miaka mingi.

"Niliupulizia ule mti mkubwa wa kijitoni," Thadeus aliendelea. "Kinywa baada ya kinywa, mpaka mwezi ukaanza kurudi. Sikumeza. Yaani, karibu yote sikumeza. Katikati ya giza hilo nilimulika tochi, na huyo nondo alikuwa juu ya gome, anakunywa. Nikamtia chupani, kwa sababu Mwalimu aliniamini. Lakini ningeandikaje jinsi alivyokuja? Kasisi anasoma kila kitu. Yumo kwenye kamati."

Sheikhan alihisi swali la Donald likijijibu lenyewe. Kwa miaka miwili Mwalimu alikuwa ameita nondo kwa taa, na huyu hakuwa mtu wa taa. Alikuwa mtu wa mbangara.

"Kesho sitakulazimisha kusema," alimwambia mzee. "Lakini jioni hii nionyeshe huo mti."

Mwalimu Tryphena, aliyeambiwa yote, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kisayansi," alisema, "lazima ifanyike kama ilivyofanyika." Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, wala Sheikhan hakuweza kuigusa, na Thadeus alikuwa akitazama pembeni. Jua lilipozama walisimama wote wanne mbele ya mti, wakiwa na kibuyu kilichopatikana kwa jirani asiyetajwa.

"Mimi huku sina kanisa, Afande," Mumbe alisema, akajaza kinywa.

Alipuliza vibaya, akajilowesha kola ya sare. Thadeus alivumilia mara mbili, ya tatu akamnyang'anya kibuyu. Alipuliza kama mtu anayejua, taratibu, na maneno ya amani yakamtoka bila kutafutwa. Saa mbili haikuwa imefika walipommulika nondo wa kwanza, wa kijivu, mwenye doa la punje ya mchele. Saa mbili na nusu walikuwa saba. Mwalimu Tryphena alishika mkono wa Thadeus na hakuuachia, na wala hakujali kwamba miwani imejaa ukungu.

Kamati iliketi Ijumaa saa tatu katika ukumbi wa chifu. Walikuwa watu tisa, Kasisi Derrick akiwa wa pili kutoka mwisho. Donald aliketi mbele amevaa tai. Sheikhan aliingia amebeba sufuria iliyofungwa kwa leso ya mamake, akaiweka mezani, akasoma kijikaratasi chake kwa sauti, halafu ukurasa wa OB, halafu maelezo ya Donald kuhusu mwezi ulioangaza usiku kucha.

"Bwana Donald, saa tisa usiku ule ulikuwa wapi?"

Donald alitazama sufuria. "Nimelala," alisema. "Kalenda ndiyo iliyosema."

"Jumatatu utakuja Voi uandike maelezo mengine."

"Lakini nondo ni mmoja tu," akasema mwenyekiti. "Na hatujaambiwa alikuja namna gani."

Sheikhan hakugeuka nyuma. Alisubiri. Alisikia kiti kikikwaruza sakafu, kisha sauti ya Thadeus, iliyonyooka kama kila kitu chake.

"Nilitasa, mwenyekiti. Niliogopa, nikatasa. Nondo akaja kwenye mbangara."

 Kasisi Derrick aliinamisha kichwa, na alipokiinua mdomo wake ulikuwa ukipigana na kicheko.

"Ulimeza, mzee?"

"Kidogo."

"Kaa. Hayo ni yetu mimi na wewe."

Ndipo Sheikhan akafungua leso na kuinua kifuniko. Nondo saba walikuwa wametulia kwenye ubavu wa sufuria, mmoja akapanda polepole hadi ukingoni, akafungua mabawa yake ya rangi ya kutu mbele ya wazee wa kamati.  Mwalimu Tryphena alichomoa kijikaratasi mfukoni na kalamu, akavisukuma mbele ya Thadeus.

"Andika," alimwambia. "Safari hii yote."

Msitu wa Kirumbi uliachwa kwa kura nane kwa moja. Mwenyekiti akaagiza sufuria ibaki mikononi mwa kamati, ikiwa kielelezo, hadi uamuzi utakapotiwa saini huko juu, jambo ambalo huchukua muda wake. Sheikhan alibisha kidogo, akashindwa.

Alifika nyumbani baada ya swala ya Ijumaa na kumkuta mamake jikoni. Alimweleza kisa chote, tangu sufuria ilipopigwa hadi kifuniko kilipoinuliwa. Bi Mwanamvita alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Kwa hivyo twalipiga, mwezi ukaregea," alisema, "na msitu nao umepona."

"Ndiyo, Mama."

"Basi na ikae huko. Mimi nimezoea kuazima." Kisha akamtazama mikono. "Na hicho ulichoficha nyuma yako?"

Sheikhan alimpa kifuniko, kitu pekee alichofaulu kukitolea saini. Bi Mwanamvita alikipokea, akakifuta kwa ncha ya leso, akakitundika ukutani mahali pa sufuria.